Vipimo vya homoni kwa wanaume na wanawake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

"Homoni zimevurugika" ni kauli inayosikika kila mahali siku hizi: saluni, vijiweni, kwenye magrupu ya WhatsApp, hata kwa muuza dawa za miti. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingi ni jina tu ambalo mtu amepewa kwa shida ambayo haijachunguzwa. Hapa chini ni maswali yanayorudi kila mara kutoka kwa watu wanaotaka kupima. Mengine yamejibiwa kwa urefu kwa sababu yanastahili, mengine yanatosha kwa sentensi mbili tatu.

Homoni ni kitu gani, na maabara inapima nini hasa?

Homoni ni kemikali zinazotengenezwa na tezi na kusafirishwa na damu hadi kwenye viungo vingine. Amri nyingi hutoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, pituitari. Hiyo hutoa TSH kwa ajili ya tezi ya shingo, FSH na LH kwa ovari za mwanamke na korodani za mwanaume, prolaktini kwa ajili ya maziwa, na ACTH kwa tezi za adrenali zinazokaa juu ya figo. Tezi iliyoamriwa ikishatoa homoni yake ya kutosha, pituitari hupunguza amri.

Ndiyo maana daktari mzuri hupenda kuona amri na jibu lake kwa pamoja. TSH ikiwa juu huku thairoksini, homoni ya tezi ya shingo, ikiwa chini, tezi ya shingo yenyewe ndiyo imeshindwa kazi. Thairoksini ikiwa chini na TSH nayo haijapanda, jicho linahamia pituitari. Kwa mwanaume ni hivyo hivyo: testosteroni (homoni ya kiume) ndogo na LH kubwa maana yake korodani zinaamriwa lakini haziitikii, testosteroni ndogo na LH ndogo maana yake amri yenyewe haijatoka.

Kiasi kinachotafutwa kwenye damu ni kidogo mno. Estradioli, homoni ya kike, huhesabiwa kwa sehemu za trilioni za gramu katika mililita moja. Njia ya kupima vitu vidogo namna hiyo ilibuniwa New York miaka ya 1950 na Rosalyn Yalow na Solomon Berson. Yalow alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1977. Berson alikuwa ameshafariki. Kabla yao daktari alitegemea macho yake, mikono yake na maelezo ya mgonjwa, na kusema kweli hivyo vitatu bado vina kazi kubwa.

Nikienda maabara na kuomba "kipimo cha homoni", nitapimwa nini?

Itategemea nani yuko mapokezi. Hakuna kipimo kimoja kinachoitwa hivyo. Kuna vipimo vingi, na kila kimoja kinajibu swali lake. Maabara nyingi zina kifurushi chenye FSH, LH, prolaktini, testosteroni, estradioli na projesteroni, vyote kwa damu ya siku moja. Kwa mwanamke anayepata hedhi kifurushi hicho kina kasoro tangu mwanzo, kwa sababu FSH na projesteroni hazipimwi siku moja. Utalipia vipimo sita na huenda viwili tu ndivyo vikawa na maana.

Afadhali uanze kwa daktari, hata wa kituo cha afya, umweleze shida yako, aandike vipimo vichache vinavyofuata shida hiyo.

Basi nani anahitaji kupima?

Mwanamke ambaye hedhi imepotea miezi mitatu bila mimba, au inakuja mara chache kwa mwaka. Mwenye ndevu na chunusi nzito zilizoanza ukubwani. Anayetoa maziwa bila kunyonyesha. Aliyekoma hedhi kabla ya miaka 40. Mwanaume aliyepoteza hamu ya tendo, asiyeamka tena na uume uliosimama asubuhi, anayeota matiti, ambaye ndevu zinapungua au korodani zimesinyaa. Wanandoa waliotafuta mtoto mwaka mzima bila mafanikio, au miezi sita kama mke ana miaka 35 na kuendelea. Mtu yeyote mwenye uvimbe mbele ya shingo, au anayekonda huku anakula, moyo unamwenda mbio na mikono inatetemeka. Au kinyume chake, ananenepa, anasikia baridi Dar es Salaam mwezi wa pili, choo kigumu, usingizi mchana kutwa.

Uchovu peke yake, bila dalili nyingine, mara nyingi si homoni. Anza kwa wingi wa damu, sukari, malaria, VVU, na saa unazolala.

Sina dalili yoyote. Nipime tu kujua hali yangu?

Hapana. Pima presha na sukari, pima saratani ya mlango wa kizazi ukiwa mwanamke. Homoni zipimwe kukiwa na swali.

Siku gani ya mzunguko ni sahihi kupima?

Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea. Homoni za mwanamke hupanda na kushuka ndani ya mwezi mmoja, na kuzipima bila kujua siku ya mzunguko ni sawa na kupima kina cha maji pale Forodhani bila kuuliza kama bahari imejaa au imekupwa. Namba utaipata. Maana yake hutaijua.

Siku ya kwanza ni siku damu inapoanza kutoka kwa wingi wa kawaida. Matone ya kahawia ya jana yake hayahesabiwi. FSH, LH na estradioli hupimwa kati ya siku ya 2 na ya 5. Projesteroni hupimwa kujua kama yai lilitoka, na hiyo inataka siku kama saba kabla ya hedhi inayofuata. Kwa mwenye mzunguko wa siku 28 inaangukia siku ya 21, na ndiyo maana watu wamekariri "siku ya 21". Lakini mwenye mzunguko wa siku 35 akipima siku ya 21, yai linaweza kuwa ndiyo kwanza linatoka; ataambiwa hapevushi mayai wakati anapevusha. Yeye siku yake ni ya 28. Projesteroni ikizidi nanogramu 3 kwa mililita, yai limetoka.

TSH, prolaktini na AMH (homoni inayokadiria mayai yaliyobaki) hazingoji siku maalumu ya hedhi.

Kama hedhi haieleweki kabisa, usikae miezi ukisubiri siku ya pili isiyokuja. Kipimo cha mimba kwanza, hata ukiapa kwamba haiwezekani, kisha vipimo vingine siku yoyote, tarehe ya hedhi ya mwisho ikiandikwa kwenye fomu.

Natumia sindano ya miezi mitatu, vidonge au kijiti. Majibu yatakuwa sahihi?

Kwa homoni za uzazi, hapana. Njia hizo hufanya kazi kwa kubadilisha homoni hizo hizo unazotaka kupima. Vidonge vya majira hushusha FSH, LH na testosteroni. Anayechunguzwa ndevu na chunusi huambiwa aviache miezi mitatu kwanza, akitumia kondomu kwa muda huo.

Sindano ina habari yake. Baada ya sindano ya mwisho, uwezo wa kushika mimba huchukua wastani wa miezi kama kumi kurudi. Kwa hiyo dada aliyeacha sindano mwezi wa tatu, na mwezi wa nane anakimbilia kupima kwa sababu hedhi haijarudi, mara nyingi hana ugonjwa. Dawa haijaisha mwilini. Haya yasemwe siku ya kuchomwa sindano, siyo siku ya machozi.

Nimepigwa utrasaundi nikaambiwa ovari zangu zina vivimbe vingi vidogo. Ni homoni?

Inawezekana ni PCOS, yaani hali ya homoni kuvurugika inayoendana na ovari zenye vifuko vingi, na Shirika la Afya Duniani linasema wengi walio nayo hawajui. Lakini picha peke yake haitoshi. Utaratibu unaofuatwa tangu mkutano wa Rotterdam wa mwaka 2003 unataka mambo mawili kati ya matatu: hedhi isiyo na mpangilio, dalili au vipimo vya homoni za kiume kuwa nyingi, na ovari zenye vifuko vingi. Mwongozo wa kimataifa wa 2023 umeruhusu AMH kubwa isimame badala ya utrasaundi kwa watu wazima. Msichana wa miaka 16 asihukumiwe kwa utrasaundi wala AMH. Ovari za umri huo zina vifuko vingi kwa kawaida.

Kabla ya kumpa mtu jina la PCOS, TSH na prolaktini zipimwe, kwa kuwa nazo huvuruga hedhi. Na baada ya jina kupatikana, kipimo ambacho wengi hawaandikiwi ni sukari, wakati ndicho chenye uzito zaidi kwa miaka ijayo. Weusi mnene unaotokea shingoni na kwapani, ambao watu husugua kwa limao na jiwe wakidhani ni uchafu, mara nyingi ni dalili kwamba insulini imezidi. Kwa aliyenenepa, kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito huweza kurudisha hedhi.

AMH yangu imetoka ndogo. Sitazaa tena?

AMH inakadiria idadi ya mayai yaliyobaki, haisemi chochote kuhusu ubora wake. Inamsaidia daktari anayepanga kupandikiza mimba kujua ovari zitaitikia dawa kiasi gani. Kwa mwanamke anayetafuta mimba kwa njia ya kawaida, AMH ndogo haitabiri kwamba atakosa. Wapo wenye AMH ndogo wanaobeba mimba bila msaada wowote. Nisingependa kuona mtu anavunja uchumba kwa sababu ya karatasi hii.

Prolaktini iko juu. Nina uvimbe kichwani?

Taratibu. Prolaktini hupanda kwa hofu, kwa kutolewa damu mara tu baada ya kuamka, kwa tendo la ndoa, kwa chuchu kuchezewa, kwa mimba. Hupanda pia kwa dawa: metoklopramidi na domperidoni za kuzuia kutapika, na dawa za magonjwa ya akili kama haloperidoli na risperidoni. Tezi ya shingo iliyolegea huipandisha vilevile. Ikiwa imezidi kidogo tu, rudia: amka, subiri saa kadhaa, kaa umetulia nusu saa kwenye benchi la maabara, kisha toa damu.

Ikipita nanogramu 200 kwa mililita bila mimba wala dawa, hapo uvimbe wa pituitari unafikiriwa kwa uzito na picha ya kichwa inahitajika. Na hata ukiwepo, aina hiyo hutibika kwa vidonge vya kabergolini mara nyingi, bila kisu. Wanaume nao huupata, na kwa kuwa hawana hedhi ya kuwashtua, huchelewa mpaka kichwa kinauma na macho yanapoteza uwezo wa kuona pembeni.

Tumetafuta mtoto mwaka mzima. Mume wangu anasema nianze mimi, yeye ni mzima kwa sababu tendo anaweza.

Kuweza tendo na kuwa na mbegu ni mambo mawili tofauti. Mwanaume anachangia katika karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, akiwa peke yake au pamoja na mke. Kipimo cha shahawa ni rahisi kuliko vipimo vingi vya mkewe, hakichomi, na majibu hutoka siku hiyo hiyo. Haieleweki kwa nini mke apigwe picha ya mirija, apimwe homoni mara tatu, anyweshwe dawa za chango, huku mume hajatoa hata sampuli moja.

Utaratibu ni huu: akae siku mbili hadi saba bila kutoa shahawa, atoe kwenye kichupa cha maabara, na kama ametolea nyumbani kifike ndani ya saa moja kikiwa na joto la mwili. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya 2021, mpaka wa chini ni mbegu milioni 16 kwa mililita, na asilimia 42 ziwe zinatembea. Zikiwa pungufu, arudie baada ya miezi mitatu, maana mbegu huchukua siku kama 74 kutengenezwa. Malaria kali ya mwezi uliopita inatosha kuharibu majibu ya leo.

Homoni za mwanaume zinaingia hapo, yaani shahawa zikishaonekana zina tatizo. FSH kubwa na korodani ndogo huonyesha kiwanda chenyewe kimeharibika, labda na matubwitubwi yaliyoshuka korodanini baada ya kubalehe, au tangu kuzaliwa, kwa wanaume wenye kromosomu X ya ziada. FSH ya kawaida na mbegu sifuri huweza kumaanisha njia imeziba.

Upande wa mke, jambo ambalo homoni hazitaonyesha kamwe ni mirija iliyoziba. Katika eneo letu mirija huzibwa sana na maambukizi ya zamani ya klamidia na kisonono, au yaliyofuata kujifungua na kutoa mimba. Mtu anaweza kuwa na homoni safi kabisa na mirija yote miwili imefungwa. Kwa hiyo yai, mirija na shahawa vichunguzwe pamoja.

Testosteroni ipimwe saa ngapi?

Kati ya saa moja na saa nne asubuhi, kabla ya kula. Jioni hushuka, hasa kwa vijana, na chakula nacho huishusha. Mlinzi au dereva anayefanya kazi usiku kucha ahesabu kuanzia alipoamka, saa mbili tatu baadaye. Usipime ukiwa na homa au umetoka kulazwa.

Jibu moja dogo halitoshi. Rudia siku nyingine, asubuhi vilevile. Chama cha madaktari wa mfumo wa mkojo cha Marekani kinatumia mpaka wa nanogramu 300 kwa desilita, ambao ni sawa na nanomoli 10.4 kwa lita, na bado lazima dalili ziwepo. Kwa mwenye kitambi kikubwa testosteroni ya jumla huonekana ndogo kuliko hali halisi, kwa sababu protini inayoibeba kwenye damu imepungua. Daktari atataka kujua ile iliyo huru, isiyoshikwa na protini hiyo.

Kama umefunga Ramadhani, kitabibu kutoa damu asubuhi hakuna shida, tena kwa kipimo hiki tumbo tupu ndilo linalotakiwa. Upande wa ibada muulize sheikh wako.

Nguvu za kiume zimepungua. Ni testosteroni?

Kwa mwanaume aliyepita miaka 40, mtuhumiwa wa kwanza ni mishipa ya damu: kisukari, presha, sigara, mafuta kwenye damu. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, hivyo huanza kulalamika mapema. Kuna watu ambao tatizo hili liliwatangulia miaka michache kabla ya shambulio la moyo. Baadhi ya dawa za presha na za sonona nazo huchangia. Kama asubuhi uume unasimama vizuri lakini mbele ya mke unagoma, tafuta mawazo kabla ya homoni. Testosteroni ikipungua kweli, kinachoondoka mwanzo ni hamu yenyewe.

Zile chupa za "dawa ya nguvu" zinazouzwa stendi, wachunguzi katika nchi nyingi wamekuta zimechanganywa sildenafili, dawa iliyo ndani ya Viagra, kimyakimya. Ukiwa unatumia dawa ya moyo ya kundi la naitreti, mchanganyiko huo unaweza kukuua usiku huo huo.

Mwenzangu wa jimu anachoma testosteroni na anaonekana vizuri. Kuna ubaya?

Akitaka mtoto, upo. Pituitari ikiona testosteroni imejaa kwenye damu huacha kutuma LH na FSH, korodani zinasinyaa na mbegu zinaweza kuisha kabisa. Ni njia ya kuaminika ya kufanya mwanaume asizalishe, na vijana wengi wanaambiwa kinyume chake. Mbegu hurudi kwa wengi baada ya kuacha, lakini ni miezi, kwa wengine zaidi ya mwaka. Damu pia inakuwa nzito. Anayetibiwa kihalali na daktari hupimwa damu mara kwa mara kwa sababu hiyo.

Nina uvimbe shingoni. Naambiwa ni rovu, nisile mihogo. Kuna ukweli?

Upo, ila ni nusu. Tezi ya shingo hutumia madini joto kutengeneza homoni zake. Yakikosekana kwenye chakula, TSH huisukuma tezi ifanye kazi zaidi nayo inavimba. Nyanda za juu za Tanzania, mashariki ya Kongo na Burundi zilijulikana kwa rovu miaka mingi; kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu kilichunguzwa sana kwa ajili hiyo. Mihogo michungu isiyolowekwa na kukaushwa vizuri huzidisha tatizo pale ambapo madini joto tayari ni haba. Watu wa pwani hudhani bahari inawatosha, lakini upungufu umewahi kukutwa hata Unguja na Pemba, ambako chumvi ya kienyeji isiyotiwa madini joto ilikuwa ikitumika. Chumvi ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto ndiyo kinga.

Lakini rovu si jibu la kipimo. Shingo iliyovimba inaweza kuwa na homoni za kawaida, pungufu au zilizozidi, na matibabu yake hayafanani hata kidogo. Pima TSH, ikitoka nje ya mpaka, ambao kwa maabara nyingi ni takriban 0.4 hadi 4, ongeza thairoksini huru. Uvimbe ukiwa na kinundu kigumu, au sauti imekauka, utrasaundi na sindano ya kuchukua chembe hai zifuate, homoni ziwe zozote.

Wanawake hupata magonjwa ya tezi hii mara kadhaa zaidi ya wanaume. Homoni zikizidi, mtu hukonda, hutetemeka, macho hutoka, hasira hazishikiki. Wapo waliopelekwa kwa mganga wakiaminiwa wana majini, na waliopimwa VVU mara tatu, kabla mtu mmoja hajafikiria TSH. Mjamzito mwenye historia ya tezi hii apime mapema, kwa kuwa mtoto tumboni hutegemea thairoksini ya mama katika miezi ya mwanzo ubongo unapojengwa.

Ukianzishiwa vidonge vya thairoksini, meza tumbo likiwa tupu na urudie TSH baada ya wiki 6 hadi 8, siyo kabla. Vidonge vya kuongeza damu vya kliniki na vya kalsiamu viachane na thairoksini kwa saa nne, la sivyo dawa haifyonzwi na utaongezewa dozi bure. Wakati wa Ramadhani, wengi huimeza kabla ya kulala saa chache baada ya kula, au nusu saa kabla ya daku.

Natumia mkorogo, na rafiki yangu anameza vidonge vya kunenepesha. Vina uhusiano na homoni?

Vina uhusiano wa moja kwa moja, na hili lizungumzwe kuliko linavyozungumzwa. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi zina klobetasoli au betamethasoni, na vile vidonge vidogo vya "kunenepa makalio" mara nyingi ni deksamethasoni. Zote ni ndugu wa kotisoli, homoni ya tezi za adrenali inayoshikilia presha na sukari mwili unapopata msukosuko. Ukizitumia miezi mingi, tezi zako hulala, kwa kuwa kazi yao inafanywa na dawa.

Hapo hutokea kitu kinachowachanganya hata wahudumu: mtu ana uso wa mviringo, tumbo kubwa, michirizi ya zambarau, presha na sukari juu, dalili zote za kotisoli kuzidi, lakini kotisoli yake ya asubuhi ikipimwa inakutwa chini kabisa. Mashine haijakosea. Inapima kotisoli ya mwili wake, na mwili umeacha kuitengeneza. Akiacha dawa ghafla, au akiugua malaria au kufanyiwa upasuaji, anaweza kutapika, presha ikaanguka na akapoteza maisha. Vipodozi vya aina hii vimepigwa marufuku Tanzania kwa miaka mingi na bado vinauzwa. Ukiwa umetumia muda mrefu, usiache peke yako: mwambie daktari ukweli, apime kotisoli ya saa mbili asubuhi na kukupunguzia pole pole.

Adrenali huharibiwa pia na kifua kikuu. Thomas Addison alipoeleza ugonjwa wa tezi hizi London mwaka 1855, wagonjwa wake kadhaa walikuwa na TB. Mtu aliyewahi kuugua TB, akawa anadhoofika, anatamani chumvi, na fizi na mistari ya viganja vinazidi kuwa vyeusi, apimwe.

Nilijifungua nikatoka damu nyingi sana. Maziwa hayakutoka na hedhi haijarudi.

Nenda hospitali ya mkoa au ya rufaa na useme sentensi hizo hizo. Damu ikipotea nyingi wakati wa uzazi, pituitari inaweza kukosa damu na kufa kwa sehemu. Harold Sheehan alieleza hali hii Uingereza mwaka 1937. Huko sasa ni nadra, kwetu bado ipo kwa sababu akina mama bado wanavuja damu mbali na benki ya damu. Hapa vipimo vingi kwa pamoja vina haki: thairoksini huru, kotisoli ya asubuhi, prolaktini, FSH na LH. Kotisoli ikiwa chini, itibiwe kabla ya thairoksini. Kuanza na thairoksini kunaweza kumtia mgonjwa hatarini.

Nina miaka 48, hedhi inaruka na mwili unawaka joto usiku. Nipime FSH?

Huna haja. Baada ya miaka 45, dalili zinatosha, na FSH ya kipindi hicho hupanda na kushuka wiki hadi wiki. Chini ya miaka 40 ni tofauti: lazima upime, kwa sababu mifupa na moyo vinahitaji kulindwa miaka mingi. Na kama hedhi ilishakoma mwaka mzima kisha damu ikatokea tena, usipoteze muda kwenye homoni. Chunguzwa mlango wa kizazi na mji wa mimba haraka.

Mtoto wangu wa kiume wa miaka 13 anaota matiti. Nimpime?

Wavulana wengi hupata kivimbe laini nyuma ya chuchu wakati wa balehe, na huondoka chenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kinachotaka vipimo ni balehe iliyokosea umri: msichana anayeota matiti kabla ya miaka 8, au hajaota kabisa akifika 13, mvulana aliyeanza kabla ya 9, au ambaye korodani hazijakua akifika 14. Kwa mwanaume mtu mzima mwenye matiti, anza na orodha ya dawa zake. Efavirenzi, iliyotumika miaka mingi kwenye ARV, na spironolaktoni ya moyo na ini, zote huleta hali hiyo.

Natumia vidonge vya nywele na kucha. Vinaathiri majibu?

Vikiwa na biotini (aina ya vitamini B) nyingi, ndiyo. Biotini huingilia mashine nyingi za homoni. TSH hutoka ndogo kwa uongo na thairoksini kubwa kwa uongo, mtu akaanza kutibiwa ugonjwa asio nao. Acha siku mbili au zaidi kabla ya kupima, na utaje dawa zote, za miti zikiwemo.

Maabara mbili zimenipa majibu tofauti. Nani mkweli?

Angalia kwanza vizio vilivyotumika kuandika jibu. Prolaktini ya nanogramu 25 kwa mililita na ya miliyuniti 530 kwa lita ni kiasi kile kile. Kisha angalia saa uliyotoa damu na mashine iliyotumika. Kila maabara ina mipaka yake, iliyochapwa pembeni ya jibu. Soma jibu kwa mpaka wa karatasi hiyo hiyo. Kama unafuatilia tiba, baki na maabara moja.

Kuna dawa ya asili ya kuweka homoni sawa?

Muulize anayekuuzia: homoni ipi, ilikuwa ngapi, na itakuwa ngapi baada ya chupa ngapi. Akikujibu "zote", ondoka na fedha zako.

Majibu nimpelekee nani?

Daktari aliyeandika vipimo ndiye wa kwanza. Shida za hedhi na mimba, daktari wa magonjwa ya wanawake. Shahawa na korodani, daktari wa mfumo wa mkojo. Tezi ya shingo, pituitari na adrenali, bingwa wa magonjwa ya ndani, au bingwa wa homoni kama yupo. Ni wachache, na wengi wako kwenye hospitali kubwa za rufaa. Nenda na karatasi zote za zamani, tarehe ya hedhi ya mwisho, saa uliyotoa damu na maboksi ya dawa unazotumia, pamoja na kile kikopo cha krimu ambacho hupendi kukionyesha.